Reiki na maumivu sugu: usicheke kwanza

Sema tu mbele za watu kwamba mgongo unakutesa mwaka wa tatu huu na sasa umeanza kwenda kwa mtu wa Reiki, ile tiba ya Kijapani ya kuwekewa mikono, uone. Mmoja atakwambia umepigwa, hakuna nishati inayotoka mikononi mwa mtu. Mwingine atakwambia safi sana, tupa na vidonge kabisa, mwili unajitibu wenyewe. Wa tatu ataona umewafungulia mapepo mlango, na huyu asionekane wa ajabu maana hata maaskofu Wakatoliki wa Marekani mwaka 2009 walitoa mwongozo kwamba Reiki haifai kutolewa kwenye taasisi za Kikatoliki. La imani namwachia kila mtu na dhamiri yake. Nataka kubishana na huyo wa kwanza, ambaye kiukweli ndo tunakubaliana mambo mengi.

Maana kwenye swali la nishati ameshinda, tusizunguke. Mikao Usui alianzisha haya mambo Japani mwaka 1922, mafunzo yanasema kuna ki, nguvu ya uhai, inapita kwa mtoaji inaingia kwa mgonjwa, na mpaka leo hakuna chombo kilichowahi kuipima. Kuna tiba ndugu yake ya kupitisha mikono juu ya mwili bila kugusa, hiyo iliumbuliwa na mtoto wa miaka tisa, Emily Rosa: aliwakalisha watoaji 21 nyuma ya ubao, wakatoa mikono kwenye matundu, afu wamwambie mkono wake uko juu ya mkono wao upi. Walipatia asilimia 44. Ukirusha shilingi unapata zaidi ya hapo! Ikachapishwa mwaka 1998 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kwa Reiki yenyewe kuna utafiti wa 2008 kwa watu 100 wenye fibromayaljia, yale maumivu ya mwili mzima yasiyoisha, wiki nane, wengine wakapewa masta wa kweli, yaani waliofuzu ngazi ya juu ya Reiki, na wengine waigizaji waliofundishwa kuigiza tu mkao wa mikono. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na maumivu hayakupungua.

Mwaka huohuo uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, ulikusanya tafiti 24 za tiba za mikono, Reiki ikiwemo, watu 1,153, ukakuta maumivu yanashuka kwa wastani wa pointi 0.83 kwenye kipimo cha 0 mpaka 10. Wataalamu wa maumivu sugu kwa kawaida wanataka kama pointi 2 ndo waseme mgonjwa kapata nafuu ya maana. Kwahiyo 0.83 ni kitu, ila ni kidogo.

Sasa ukiishia hapo umejibu swali ambalo mgonjwa hakuuliza. Yeye hakuja kufanya fizikia. Maumivu yakishapita miezi mitatu yanaitwa sugu, na mara nyingi ule mkato au mshtuko wa mwanzo ulishapona zamani, ila mishipa ya fahamu bado inapiga kelele, halafu eksirei haionyeshi kitu, daktari anaangalia picha anasema uko sawa, dakika kumi zimeisha mwingine aingie. Uko sawa wakati kufunga tu kamba za viatu ni kazi. Na kabati la hospitali nalo sio kwamba limejaa majibu: utafiti mmoja wa Marekani wa 2018 uliwafuata watu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti kwa miezi 12, wale wa dawa kali za familia ya morfini hawakuwazidi wale wa dawa za kawaida, tena kwa ukali wa maumivu wa dawa za kawaida ndo walikuwa na nafuu zaidi kidogo. Nani basi wa kumcheka aliyetafuta pengine?

Kuna namba tatu mimi huwa nazirudia sana, 28, 44, 62. Zimetoka kwa Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard, mwaka 2008, wagonjwa 262 wa utumbo unaosumbua, ule wa maumivu ya tumbo yanayokwenda na kurudi. Kundi moja liliwekwa foleni tu bila tiba, asilimia 28 wakasema wamepata nafuu ya kutosha. La pili likapewa sindano feki za akupancha, ile tiba ya sindano ya Kichina, na mtu aliyeongea nao chini ya dakika tano, 44. La tatu sindano zilezile feki, ila kikao cha kwanza kilikuwa dakika 45, mtoaji mchangamfu, anauliza, anasikiliza, na alielekezwa kabisa akae kimya sekunde 20 akitafakari. Sekunde ishirini za kufikiriwa wewe! 62. Yaani sindano ni feki kwa wote, tofauti ya 44 na 62 ni binadamu kumjali binadamu mwenzie.

Haya, nenda kaangalie kipindi cha Reiki kinavyokwenda. Unalala na nguo zako, mtu anaweka mikono taratibu kichwani, mabegani, tumboni, anakaa dakika kadhaa kila sehemu, karibu saa nzima hakuna simu, hakuna anayekuharakisha. Yale mazingira ya kundi la tatu la Kaptchuk wamejitengenezea wenyewe bila kujua, na mwilini inaacha alama: tangu 1978 inajulikana kwamba nafuu ya plasebo, yaani ya tiba isiyo na dawa ndani yake, baada ya kung'olewa jino inazimwa ukimpa mtu naloksoni, dawa inayoziba ile morfini ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Kwahiyo "ni plasebo tu" sio sawa na "anajidanganya".

Utaniuliza, kama ni hivo si wauguzi wapewe muda zaidi, habari za ki na kulipia ngazi za umasta zinatoka wapi? Swali zuri na sina pa kukwepea. Hata uongo sio lazima: mwaka 2016 Ureno wagonjwa wa mgongo waliambiwa waziwazi hivi ni vidonge visivyo na dawa, na maumivu yalishuka karibu asilimia 30 ndani ya wiki tatu. Mtoaji wa Reiki angeweza kusema "nitakutuliza, sikutibu" na asipoteze kitu.

Asiposema hivo ndo hatari inaanza. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wagonjwa wa saratani waliochanganya tiba za nyongeza na za hospitali, hatari yao ya kufa ilikuwa kama mara mbili, na sababu ilikuwa wengi wao walikataa upasuaji, kemo au mionzi. Mgongo unaouma pamoja na miguu kufa ganzi na mkojo kutokuzuilika ni wa hospitali leoleo, sio wa kuwekewa mikono.

Na hizi Reiki za mbali, mtu yuko nchi ingine anakutumia nishati usiku umelala, hata hamjaongea, mimi hapo siwatetei. Hakuna mkono, hakuna aliyekusikiliza, na ki tumeshaona hakuna kipimo kilichowahi kuikuta.