Theluji ukutani, watoto kimya

Juzi nilikwenda kumtazama mpwa wangu shuleni, yuko Kidato cha Kwanza hapa hapa Tanga. Mwalimu akanikaribisha nikae nyuma, kipindi cha Kiingereza. Ukutani karatasi za manila zenye picha zimejaa: basi jekundu la London, mtoto kavaa koti la baridi, theluji. Fimbo inagusa picha, darasa linaitika kama kwaya: "This is a bus!" Mara tatu. Dakika 40 zikaisha hivyo hivyo.

Zana zipo, hatukatai. Wathibiti ubora wa shule, wale wakaguzi, wakija watafurahi sana.

Jamani, watoto hawa wamesoma miaka 7 kwa Kiswahili, leo Fizikia kwa Kiingereza, Jiografia kwa Kiingereza, halafu tunawaonyesha basi na kuwauliza hiki nini! Analiona yeye, unaliona wewe. Akwambie nini tena? Mtoto wa Tanga hafundishwi kusema, mpe tu kitu cha kubishania.

Nikaomba dakika tano kabla hawajatoka. Kwenye simu nina picha niliyopiga Ngamiani: baiskeli imelala chini, madafu yametapakaa barabarani, mzee kashika kiuno, na kijana anakimbia na dafu mkononi. Nikaipitisha dawati kwa dawati, nikauliza kwa Kiingereza: huyu anasaidia au anaiba?

Kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma: "He is thief." Mwenzake akaruka: "No! He help the old man!" Mpwa wangu, ambaye tangu Januari Kiingereza chake nyumbani ni "good morning, uncle" na kuomba nauli kwa Kiswahili, akasimama: "Why he is running?"

Sarufi imevunjika mbavu, najua. Mwalimu alikuwa tayari ameinua chaki asahihishe, nikamtazama kwa jicho la kuomba.

Haya, watoto 80 wakibishana kelele zinafika ofisini. Na mtihani wa Kidato cha Nne ni wa kuandika tu, kuongea hakuna alama. Nakubali, shingo upande. Lakini manila ikikatwa mbili, soko moja likachorwa mara mbili kwa tofauti tano, watoto wawili wakapeana mgongo na kuulizana kila mmoja ana nini, hasara iko wapi? Projekta msinitajie.

Mlangoni mwalimu akanishika mkono. "Kaka, kwani yule kijana aliiba kweli?"

Nikamwambia sijui, nilikuwa nawahi daladala.