Wiski ya supamaketi isomwe lebo kabla ya kudharauliwa

Jumamosi tulikuwa na wageni nyumbani, hapa Dublin, nikaweka mezani Bushmills, wiski ya Ireland, ya miaka 10. Jamaa mmoja akaigeuza chupa, akaona stika ya bei, akaniuliza, "Kaka, hii si ile ya supamaketi?" Akaisukuma pembeni, akaomba bia. Sikumjibu mbele za watu, maana mgeni ni mgeni. Lakini lilinikera, na bado linanikera, kwa sababu alisoma bei akaacha kusoma namba kubwa ya umri iliyoandikwa mbele.

Namba ile ni ahadi ya kisheria. Kwa sheria ya 1980, wiski ya Ireland lazima ilale kwenye mapipa ya mbao kisiwani humu kwa miaka isiyopungua 3. Mwenye kiwanda akitaka kuandika umri mkubwa zaidi, anabanwa na tone changa kuliko yote humo ndani: akichanganya pipa la miaka 20 na la miaka 10, ataandika 10. Hayo maneno mengine ya lebo, hadithi za babu mwanzilishi, sijui toleo maalumu, hayamfungi kwa mwaka hata mmoja. Halafu watu wanaolipia hadithi ndio wanaomcheka aliyelipia miaka!

Tuje kwenye hela, maana hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Tangu Januari 2022 kuna bei ya chini ya pombe huku: senti 10 za euro kwa kila gramu ya kilevi. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 40 ya kilevi haiwezi kuuzwa chini ya euro 22 na senti kidogo, hata kama ni wiski iliyotimiza ile miaka 3 jana. Ushuru wa pombe ni euro 42.57 kwa lita ya kilevi halisi, kwa hiyo chupa hiyo inabeba karibu euro 12 za ushuru peke yake. Ongeza VAT ya asilimia 23, na katika zile euro 22 serikali inaondoka na kama 16. Zinazobaki, kama euro 6, ndizo za mkulima wa shayiri, pipa, kioo, lori na faida ya duka. Unategemea kunywa nini hapo?

Ushuru huo hauangalii umri. Chupa ya miaka 10 yenye nguvu ile ile inalipa euro 12 zile zile. Maana yake, ukipanda euro kumi juu ya ile bei ya chini, VAT inachukua kama moja na senti 87, na nane na ushei zinakwenda kwa watu wa wiski. Kutoka 6 hadi 14! Hakuna hela nyingine utakayoongeza kwenye kaunta ile ikafanya kazi kubwa kiasi hicho. Na miaka ina gharama yake ya kweli. Kila mwaka karibu asilimia 2 ya kilichomo kwenye pipa hupotea hewani. Miaka kumi ikipita, karibu sehemu moja kati ya tano imekwenda na hakuna aliyeionja.

Wengine wanadhani supamaketi ina wiski yake ya pembeni, ya kubabaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili tu, Midleton na Bushmills. John Teeling alipoanzisha Cooley mwaka 1987, katika kiwanda cha serikali kilichokuwa kikipika spiriti ya viazi kule kaunti ya Louth, sehemu ya biashara yake ikawa kuyauzia maduka wiski ya kubandikwa majina yao. Yaani ni wiski ya kisiwa hiki hiki, kutoka kiwanda halisi.

Wageni walipoondoka nikajimiminia kidogo ile Bushmills. Hii ni kimea kitupu, kimepikwa mara tatu, kikalala kwenye mapipa yaliyotoka kwa bourbon, wiski ya Marekani, na kwa sheri, mvinyo mkali wa Hispania. Puani inakuja asali kwanza, kisha vanila, na nyuma yake tufaa lililoiva. Nikaongeza matone mawili ya maji, nikaacha kidogo: ikatoka chokoleti ya maziwa, na mwishoni ukavu mwembamba wa mbao kwenye kingo za ulimi. Haichomi koo. Ile ya miaka 3 niliyowahi kuweka kando yake ilikuwa tamu na kali, basi, ikaishia hapo.

Nakubali, umri si kila kitu. Pipa lililochoka kwa kutumika mno halitakupa kitu hata likae miaka 15. Asilimia 40 ndiyo nguvu ya chini inayoruhusiwa, na mimi ningelipia zaidi kupata 46. Rangi pia isikushawishi, kwani sheria inaruhusu kutiwa sukari iliyounguzwa. Na anayekunywa kila siku, hata iwe ya miaka 30, anajiumiza.

Ila ukiwa pale nyuma ya kizuizi kinachotenga pombe na mboga, na mfukoni una hela ya chupa moja tu, tafuta namba. Yule jamaa nitamkaribisha tena, na nitamwekea chupa hiyo hiyo, stika ikiwa mahali pake.