Buba na kiki: tunapima kuunganisha au kufanana?

Mpe kijana karatasi yenye maumbo mawili: moja lina ncha kali pande zote, jingine limejitandaza kama uji uliomwagika mezani. Mwambie moja ni "buba" na jingine "kiki", kisha muulize lipi ni lipi. Wengi hawasiti: kiki ni lile la ncha. Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler alieleza jambo hili mwaka 1929, kwa maneno mengine ya kubuni. Wahimba wa Namibia wasiotumia maandishi nao walipopimwa walichagua vivyo hivyo, kwa hiyo si pembe za herufi K zinazotuelekeza. Sisi tuliokulia kwenye tanakali za sauti, tunaojua kilichoanguka "chubwi" kimeangukia wapi, hatushangai.

Ubishi unaanzia kwenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisi. Mwaka 2008 watafiti Lindsay Oberman na V. S. Ramachandran waliripoti kuwa wasio na usonji walitoa jibu lililozoeleka kwa asilimia 88, wenye usonji kwa asilimia 56, yaani karibu na kubahatisha. Kwa watafiti hao, hiyo ni dalili kwamba ubongo wenye usonji hupata taabu kuunganisha kinachosikika na kinachoonekana. Hoja hiyo si ya kutupwa: tafiti nyingine zinaonyesha kwamba penye kelele, watoto wengi wenye usonji hawasaidiwi sana na kutazama midomo ya msemaji.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2013 Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge waliripoti sinestesia, ile hali ya hisi moja kuamsha nyingine, kwa mfano mtu kusikia sauti akaona rangi, kwa asilimia 18.9 ya watu wazima wenye usonji. Kwa wasio na usonji ilikuwa asilimia 7.2. Iweje walioambiwa hawaunganishi ndio waunganishe zaidi?

Nionavyo, karatasi ile haipimi kama umeunganisha, bali kama umeunganisha sawa na wenzako. Kijana anayesikia "kiki" akaona mviringo, kwa sababu zake mwenyewe, anahesabiwa kuwa amekosa. Ile 56 inaweza kuwachanganya wanaobahatisha na wenye jibu thabiti lililo lao peke yao. Kuwatenganisha kunataka kumuuliza kijana yuleyule mara nyingi, kwa maneno mapya, na kumsikiliza akieleza. Tena kuna anayelichukua swali kama lilivyo, akaona halina jibu sahihi. Na kweli halina.

Tofauti ipo, siikatai. Ila mwalimu anayefundisha sauti kwa picha, kabla ya kuchora nyoka kwa ajili ya "sss", amwache kwanza kijana achore yake.