Siku Seva Ilipotuachisha Kazi Ofisi Nzima

Mwenzetu mmoja alikuwa anaacha kazi, bosi akamwagiza fundi wetu wa seva, ile kompyuta kuu tunayoingia sote kufanya kazi, amfungie akaunti. Fundi akapiga passwd -l, amri ya kufunga nywila, akajipangusa mikono. Amri ile hupachika tu alama ya mshangao mbele ya nywila iliyosimbwa ndani ya /etc/shadow, faili zinamotunzwa nywila. Nywila inakataa, ndiyo, lakini mwenye ufunguo wa SSH, ile njia ya kuingia sevani kutoka mbali, haulizwi nywila, anapita kama mgeni rasmi. Nikamkumbusha. Akanuna kidogo, kisha akambadilishia sheli (programu inayokupokea ukishaingia) ikawa nologin, ile inayokwambia akaunti haipatikani halafu inakutoa nje.

Ingeishia hapo tungekuwa salama. Ila fundi wetu ni mtu wa heshima zake. Eti ujumbe ule mkavu mno, akatunga wake: “Akaunti yako imefungwa. Tunakushukuru kwa utumishi wako na tunakutakia kila la heri.” Ujumbe wa namna hiyo huwekwa kwenye /etc/nologin.txt. Yeye akauweka kwenye /etc/nologin. Nukta na herufi tatu tu! Faili hilo likiwepo, seva humkataa kila mtu isipokuwa ruti, yaani akaunti ya msimamizi mkuu, na kila anayekataliwa husomeshwa yaliyomo.

Wa kwanza kusomeshwa nilikuwa mimi. Nikakodoa macho, nikaanza kupiga hesabu ya madeni. Nikageuka nimuulize dada wa uhasibu kulikoni, nikamkuta naye ameshika kichwa. Nyuma yetu mtu alikuwa anatia kikombe chake kwenye mfuko, kimyakimya.

Fundi mwenyewe alikuwa ameshatoka ili ajaribu kuingia upya, na ruti tulishamzuia zamani asiingie kwa SSH (usalama, jamani). Sasa nani yumo ndani? Aliyefungiwa! Passwd -l haimkati mtu ambaye tayari ameshaingia, sheli mpya nayo haimgusi. Jamaa yuko kwake, dirisha la ruti li wazi mbele yake. Fundi akampigia kwa upole ambao sijawahi kuusikia.

“Kaka, samahani sana, hebu nifutie kafaili kamoja.”

“Kwani mnaniaga au mnaniajiri?”

Akakafuta. Tukaingia wote isipokuwa bosi, aliyekuwa amejifungia ofisini kwake akiandika barua ya kukata rufaa, na ameshafika ukurasa wa pili.