Maumivu ya kichwa: tusiulize ukali peke yake

Ukisema kichwa kinakuuma, mtu wa kwanza kukusikia atakuuliza: "Kinauma sana?" Ukijibu kidogo, utaambiwa umeze Panadol ulale. Ukijibu sana, utaambiwa ukapime malaria. Naamini swali hilo linatupotosha, na linawachelewesha nyumbani watu waliopaswa kuwa hospitali tangu jana. Mimi ningependa tuulizane hivi: kichwa hiki umekizoea, au ni kigeni kwako? Kimeanzaje, na kimekuja na nini?

Chukua kipandauso. Kichwa kinapwita, mara nyingi upande mmoja, mgonjwa hataki mwanga wala kelele, anatapika, na hali hiyo inaweza kudumu kwa muda wa saa 4 hadi siku 3. Ukimkuta amejifungia gizani utadhani anakata roho. Kumbe kwa wengi ugonjwa huu, pamoja na mateso yake yote, hautishii maisha. Kesho yake anarudi kazini na kuitwa mvivu, au anaambiwa amerogwa. Wanawake huupata zaidi ya wanaume, na inaniuma kwamba wengi huishi nao miaka bila kuambiwa jina lake, ilhali zipo dawa za kuutuliza na nyingine za kuzuia usirudi mara kwa mara, kama propranolol na amitriptyline, ambazo si ngeni katika hospitali zetu. Na kama kabla ya kichwa kuanza unaona vimulimuli au mistari inayometameta, mwambie muuguzi wa uzazi wa mpango. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havimfai mwanamke wa namna hiyo, kwa sababu vinamwongezea hatari ya kiharusi.

Sasa mtazame mama mwenye ujauzito wa miezi saba. Anasema kichwa kinamuuma "kidogo tu", na macho yanaona ukungu. Anapika, anafua, anacheka na majirani. Huyu ndiye wa kukimbizwa. Baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, kichwa cha namna hiyo kinaweza kuwa dalili kwamba presha imepanda na kifafa cha mimba kiko njiani. Kipimo cha 140/90 au zaidi, pamoja na protini kwenye mkojo, kinatosha kumfanya mhudumu asimruhusu kuondoka. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua. Inaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye, wakati ambapo sote tunamwambia ni uchovu wa kunyonyesha. Kupima presha ni dakika chache, na sindano ya magnesiamu salfeti inayozuia kifafa hicho inajulikana vizuri. Hakuna mama anayestahili kufa kwa sababu kichwa chake hakikuuma vya kutosha.

Wapo wengine wasiopaswa kusubiri. Kichwa kilicholipuka ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja hivi, kwa kuwa huenda ni damu inavuja kwenye ubongo. Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa. Kichwa kinachokuja na ulimi mzito, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, kuchanganyikiwa au degedege. Aliyeanguka na bodaboda, hata kama siku ya ajali alitembea mwenyewe kurudi nyumbani. Anayeishi na VVU na sasa ana kichwa kisichoachia, maana fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo huanza polepole, wakati mwingine bila homa kali. Aliyevuka miaka 50 na kupata kichwa cha aina asiyowahi kuijua. Na kichwa kinachozidi wiki hadi wiki, kinachomwamsha mtu alfajiri akitapika.

Kwenye maeneo ya baridi kama Njombe na Makete kuna jingine. Familia nzima ikiamka na vichwa vinauma, na usiku jiko la mkaa lilikuwa ndani ya chumba kilichofungwa, hiyo si malaria. Ni hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu watolewe nje kwanza, halafu waende hospitali.

Malaria yenyewe ipimwe. Kipimo kikisema hakuna, sababu itafutwe kwingine. Kumeza mseto "kwa usalama" ni kupoteza siku. Presha nayo haingojei kichwa: wengi waliopanda presha hawasikii maumivu yoyote, kwa hiyo anayesubiri kichwa kiume ndipo apime anaweza kusubiri mpaka kiharusi.

Upande wa dawa, kuna jambo ambalo wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wangeweza kutusaidia sana, kwa sababu wanamjua mteja anayerudi kila siku. Mtu mwenye tatizo la kichwa akimeza paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuanza kukiumiza kichwa. Zile za mchanganyiko au zenye kodeini zinafika huko kwa siku 10 tu kila mwezi. Kuziacha kunaumiza kwa siku kadhaa kabla ya nafuu, kwa hiyo ni vema afanye hivyo akiwa na mhudumu wa afya.

Ukienda kumwona daktari, nenda na maandishi, hata kwenye simu: kichwa kilianza lini, huuma siku ngapi kwa mwezi, unameza nini na mara ngapi, na kama una mimba au umejifungua karibuni. Usidai CT, yaani picha ya ubongo, kwanza. Mara nyingi maelezo hayo, kipimo cha presha na uchunguzi wa mwili ndivyo vinavyoonyesha nani anahitaji kupelekwa kwenye mashine.