Bingwa bobezi wa utumbo na ini: Muhimbili ianzie wapi?

Ukitaja ubingwa bobezi siku hizi, watu humfikiria daktari anayezibua mishipa ya moyo au anayepandikiza figo. Mwanapatholojia, anayejifungia na hadubini yake chumba cha ndani, hayumo kwenye picha, ingawa ndiye anayesema kama ulichonacho ni saratani au ni kidonda tu. Kwa hiyo wazo la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kufundisha ubobezi wa patholojia ya njia ya chakula na ini huwagawa hata madaktari wenyewe. Kuna wanaoona tumechelewa. Kuna wanaoona ni anasa kwa nchi ambayo wanapatholojia wake wote, Dar es Salaam na mikoani, bado wanahesabika.

Marekani jambo hili ni la kawaida. Daktari husomea patholojia miaka 3 au 4, kisha anayetaka huongeza mwaka mmoja wa kusoma slaidi (vioo vya hadubini) za umio, yaani mrija wa kushusha chakula tumboni, pamoja na tumbo, utumbo, kongosho na ini, basi, chini ya walimu ambao kazi yao ni hiyo hiyo. Kwetu ukimaliza uzamili wa patholojia wewe ni wa kila kitu: titi, shingo ya kizazi, tezi, mfupa, ngozi, na maiti polisi wakiileta.

Hoja nzito kuliko zote upande wa wanaotaka ubobezi ni umio. Tanzania imo kwenye ukanda unaoteremka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini ambako saratani ya umio, hasa ile ya seli bapa, ni nyingi kupita kiasi. Mgonjwa hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Anaingizwa kamera, daktari ananyofoa vinyama vya milimita mbili tatu, vinatumbukizwa kwenye kichupa cha formalini ya kuhifadhia, na fomu inaandikwa neno moja au mawili: "CA umio?", yaani ni saratani ya umio? Basi. Umri upo, jinsia ipo. Kidonda kilikuwa wapi, kirefu kiasi gani, mgonjwa amekonda tangu lini, hakuna.

Kinachofuata maabara ndicho ambacho wengi wetu hatukioni. Kinyama hukaushwa maji, kikazamishwa kwenye nta ya parafini, na hapo lazima kisimamishwe ubavu ili kisu cha mikrotomu kikate kutoka juu kwenda chini, vipande vyembamba vya maikroni 3 hadi 5. Kikilazwa chali, slaidi itaonyesha uso wa utando peke yake, na swali muhimu, kwamba seli mbaya zimevuka kwenda chini au bado, halitajibika. Kisha rangi: waridi na zambarau. Mwanapatholojia anaona seli zenye viini vikubwa, vyeusi, vilivyosongamana. Ni saratani? Au ni utando uliochubuliwa na kidonda unaojaribu kujitengeneza upya? Seli zinazojitengeneza huweza kufanana na saratani hadi mtu akakosea kwa nia njema kabisa.

Mwenye shaka huandika "rudia kinyama". Jibu hilo ni la uaminifu, lakini kwa mgonjwa aliyetoka Kilwa au Ifakara lina maana ya nauli nyingine, malipo mengine na wiki nyingine za kungoja na huku hali chochote. Watetezi wanasema mbobezi aliyekwishaona umio kwa maelfu ataandika "rudia" mara chache zaidi. Ninakubaliana nao, ila kwa sharti moja. Baadhi ya hizo "rudia" hazitokani na macho ya msomaji. Zinatokana na kinyama kilichotolewa katikati ya kidonda kilichooza badala ya ukingoni, au kimoja pale palipohitajika sita, au formalini iliyochanganywa kwa kukisia. Mbobezi hawezi kusoma kisichokuwepo kwenye kioo.

Hoja yao ya pili naipenda zaidi: mafunzo ya nje hufundisha magonjwa ya nje. Marekani watu hupigwa kamera ya utumbo mpana kama uchunguzi wa kawaida kuanzia miaka 45, kwa hiyo anayejifunza huko anashinda akisoma vinundu vya utumbo, ugonjwa wa seliaki (utumbo kuharibika kwa sababu ya ngano) na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe. Akirudi akakuta vinundu vya uvimbe sugu mwishoni mwa utumbo mwembamba wa kijana wa Manzese, mazoea yatamvuta kwenye Crohn. Hapa cha kwanza kufikiria ni kifua kikuu, ambacho hakikai kifuani tu. Na kosa hilo lina gharama, kwa sababu dawa za kutuliza kinga anazopewa mgonjwa wa Crohn huuamsha ukali wa kifua kikuu. Mayai ya kichocho kwenye ukuta wa puru, ambayo huko ni kioja cha kupigiana picha, kwa aliyekulia kando ya Ziwa Victoria ni jambo la kila siku. Somo la namna hiyo lipo hapa Upanga, Muhimbili ilipo.

Wanaopinga nao si watu wa kupuuzwa. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Ukimtoa mwanapatholojia mmoja hospitali ya kanda kwa mwaka mzima ili akasome utumbo, kinyama cha titi kilichokuwa kikingoja siku kumi kitangoja ishirini, na mama mwenye uvimbe huo hataanzishiwa dawa kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road bila jibu mkononi. Akirudi, hataruhusiwa kuwa wa utumbo peke yake, maana yuko na mwenzake mmoja, na mwenzake ana likizo. Wanauliza pia kuhusu vifaa. Ubobezi wa leo unategemea imunohistokemia, yaani kupaka kingamwili zinazotambua seli imetokana na kiungo gani. Kingamwili hizo ni ghali, zinahitaji baridi isiyokatika, na muda wake huisha hata kama hujazitumia.

Wanao pia mfano wa kihistoria, ingawa sijawasikia wakiutumia, kwa hiyo nawapa bure. Robin Warren, aliyewaona bakteria wa Helicobacter pylori, wanaoleta vidonda vya tumbo, kwenye vinyama vya tumbo huko Perth, Australia, mwaka 1979, alikuwa mwanapatholojia wa kawaida wa hospitali. Yeye na Barry Marshall walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Alichokuwa nacho ni slaidi nyingi, ukaidi, na baadaye daktari wa kliniki aliyekubali kumsikiliza.

Kwenye ini, mizani inageuka kabisa, na hapa ndipo naachana na wanaotaka kunakili mtaala wa Marekani mzima mzima. Ukisikia mzigo wa ini nchini utadhani mbobezi wa ini anahitajika jana. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata, na saratani ya ini itaendelea kuwavuna kwa miaka. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Lakini sindano ya kunyofoa kinyama cha ini inapungua umuhimu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kovu la ini lipimwe kwa hesabu ya vipimo vya damu au kwa mashine ya kupima ugumu wa ini. Saratani kwenye ini lililokwisha kusinyaa mara nyingi hutambuliwa kwa CT scan ya dawa bila kuchoma sindano. Hata kichocho, kinachotapisha damu wavuvi wa Ukerewe, huacha kovu kuzunguka matawi ya mshipa unaoingia ini, na kovu hilo ultrasaundi huliona vizuri kuliko sindano inayochukua uzi mwembamba wa sentimita mbili. Sehemu kubwa iliyobaki ya mafunzo ya ini kule Marekani ni ini lililopandikizwa kukataliwa na mwili. Sisi tulianza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017. Wa ini bado tunawasindikiza uwanja wa ndege.

Mtetezi atajibu kwamba hizo sindano chache zinazobaki ndizo ngumu: ini lililoharibiwa na dawa za kifua kikuu, na mitishamba isiyojulikana, au na kinga ya mwili yenyewe. Ni kweli. Ila kesi chache na ngumu hazimtengenezi mbobezi, zinahitaji jicho la pili. Lilongwe, Malawi, walikwishaonyesha njia. Maabara ya patholojia ya Hospitali Kuu ya Kamuzu, iliyoanza mwaka 2011, ilijenga utaratibu wa kukaa kila wiki kwa mtandao na wanapatholojia wa Marekani, slaidi ngumu zikiwa kwenye skrini na wote wakibishana. Ini letu lingeweza kwenda hivyo kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo ningeanza na utumbo, tena kwa unyenyekevu. Mwaka mmoja hapa hapa Upanga, watu wawili kwa awamu, wote wakiwa wamekwishafanya kazi ya kila kitu angalau miaka mitatu. Wakae mezani na madaktari wa kamera kila wiki, picha ya kidonda upande huu na slaidi upande ule, mpaka fomu ya "CA umio?" ianze kuonekana aibu. Na miezi miwili ya mwanzo wasiguse hadubini: wafuate kichupa, tangu kinyama kinapotolewa hadi fundi anapokisimamisha kwenye nta. Najua wapo watakaosema hiyo si kazi ya bingwa bobezi. Hao ningewanyima nafasi.

Linabaki suala la ajira, ambalo kwenye mijadala hii huachwa dakika tano za mwisho. Kama cheti cha mwaka huo hakitaingizwa kwenye muundo wa utumishi, aliyekisoma atarudi kwenye mshahara ule ule na rundo lile lile la slaidi, na maabara binafsi za mjini zitampigia simu kabla hajafungua sanduku. Wizara ya Afya na Utumishi zinapaswa kukaa na chuo kabla ya darasa la kwanza, wakubaliane kila mhitimu anakwenda hospitali gani ya kanda, na nani anashika meza yake mwaka wote anaokuwa masomoni.