Kopo Bado Lipo

“Hilo kopo mpaka leo bado lipo?”

Nilikuwa nimewaeleza watu wa nyumbani, kwenye grupu letu la ukoo, mchezo mzima: kwamba huku Ujerumani nimeficha kopo kwenye kijisitu nje kidogo ya Eckernförde, mji wa pwani ambao ni ndugu wa Tanga kwa mkataba wa miaka mingi, kwamba anayelitaka lazima kwanza afumbue fumbo la mitaa yetu, kwamba wapo waliofumbua. Hakuna aliyeuliza fumbo likoje. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, akauliza hilo la kopo, na wengine wakamwagika kwa vicheko. Limeniuma, maana ni swali la haki kabisa.

Mchezo unaitwa geocaching. Ulianza Marekani Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali yao kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS, yale ya satelaiti yanayoonyesha mahali ulipo, yanayotumiwa na raia. Jamaa mmoja wa Oregon akaficha ndoo porini, akatangaza kwenye intaneti iko wapi. Leo makopo ya namna hiyo yako mamilioni duniani. Unalitafuta kwa simu, unasaini karatasi iliyomo ndani, unalirudisha palepale. Yale ya fumbo alama yake kwenye ramani ni ya uongo. Mahali penyewe pako ndani ya kilomita tatu hivi, na hupajui mpaka ufumbue.

Fumbo langu ni la mtoto aliyetumwa. Anatoka Barabara ya 4 Ngamiani, kwetu Tanga, na sahani ya futari, anampelekea bibi yake Barabara ya 12, anarudi nyuma barabara tatu kumpitia mwenzake, na adhana inakaribia. Namba za barabara ndizo tarakimu za mahali kopo lilipo kwenye ramani. Zilizobaki unazitoa kwenye mwaka aliozaliwa Shaaban Robert pale Vibambani, na mwaka Waingereza walipotua Raskazoni wakapigwa, nyuki nao wakaingia vitani. Sikuhitaji kubuni kitu. Mji ambao barabara zake zina namba tangu mababu zetu ni fumbo lililokwisha kutungwa.

Mama mmoja mstaafu ameniandikia kwamba alikesha na ramani ya Ngamiani. Akaniuliza kama mtoto mdogo kweli anaruhusiwa kutembea peke yake jioni ile, na kama sahani ilifika. Mwingine alikuta karatasi imepata unyevu. Akaikausha, akaongeza nyingine kavu, akafunga mfuniko kwa utepe wa kijani ili lisionekane kwenye majani. Hanijui, simjui. Kopo si lake.

Sasa nyumbani. Zile nguzo za anwani za makazi zilizosimikwa 2022, wenyewe mnajua zilikokwenda. Mifuniko ya mitaro mnajua. Sina la kuwaeleza.

Najua watakaosema: ameanza huyo, keshaonja theluji, sasa sisi wezi. Nimezaliwa Ngamiani, nimekulia Ngamiani, na sijasema Mzungu ana moyo mzuri kuliko wa kwetu. Baiskeli yangu imeibwa huku, nje ya stesheni ya treni, ikiwa na kufuli. Ukianguka barabarani huku utasubiri. Tanga watu watatu wameshakunyanyua, wa nne kakimbilia maji. Ukiuliza njia huonyeshwi kwa kidole, unapelekwa mpaka mlangoni. Yote hayo nayajua na najivunia.

Mwingine atasema ni njaa. Njaa naijua. Lakini anayenunua nguzo ile kwa kilo, mwenye mzani na godauni, hana njaa. Na anayeiona ikipitishwa mchana kweupe juu ya toroli akageuza uso naye hana njaa.

Mniambie hili: sahani ya futari ikitoka kwetu kwenda kwa jirani, imepotea lini? Inarudi imeoshwa, na hairudi tupu. Mama angeona aibu kukaa na sahani ya mtu hadi kesho yake. Mtaa mzima unajua ile yenye maua mekundu ni ya nani. Basi kutunza cha mwenzetu tunakuweza sana, tena kwa adabu ambayo huku sijaiona. Ila nguzo ya mtaa tunaambiana ni ya serikali, na cha serikali hakina mama wa kumwonea aibu. Hapo ndipo ninapochoka na sisi. Nguzo ile ndiyo inayomfikisha mgonjwa wetu gari la hospitali usiku. Ni ya Barabara ya 12, na Barabara ya 12 ni sisi.

Nataka kuweka kopo Tanga, Bustani ya Jamhuri, pale unapoangalia bandari na Kisiwa cha Toten. Mchezo una masharti: linakaguliwa na watu wa kujitolea kabla halijatangazwa, na lazima awepo mtu wa karibu wa kulitunza, kwa hiyo siwezi kulitupa nikarudi zangu Ulaya. Namtafuta mtu wa Chumbageni au Raskazoni anayepita pale mara kwa mara. Kopo na karatasi nitakuja nazo Ramadhani. Fumbo lake nimeshaanza kulitunga, la mitaa ya Eckernförde, na vijana wetu nao wakeshe na ramani ya Wajerumani.